Get Out: kibandani kwa VJ au peke yako nyumbani?

Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, inatisha, lakini utamu wake uko kwenye ishara. Ukitaka kuzichimba, uitazame kwenye kibanda cha video hapa Kampala, VJ, yaani mtafsiri wa filamu, akiisimulia kwa Kiganda, au ujifungie nayo nyumbani?

Nyumbani kuna kimya, na filamu hii inategemea sauti. Kijiko kinazungushwa kwenye kikombe cha chai, na Chris, kijana Mweusi aliyekwenda kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, anapumbazwa na sauti hiyo na kuzama gizani, anaona kila kitu ila hawezi kusogea. Kibandani VJ anapaza sauti papo hapo na kijiko kinamezwa. Halafu nyumbani unaweza kurudisha nyuma hadi kwenye pamba: Chris anainyofoa kwenye kiti alichofungwa, anaziba masikio asisikie kijiko. Zao walilochumishwa watumwa Marekani ndilo linalomwokoa! Mganda naye anashtuka kwa sababu zake, maana pamba ndiyo Waingereza waliyowahimiza wakulima wetu kulima mwanzoni mwa karne ya 20. Sidhani Peele alituwazia sisi.

Kibandani ni joto na makelele, sawa. Ila VJ mjanja, mgeni akimpapasa Chris misuli kwenye sherehe, atakwambia huyo anakagua bidhaa, mnada unakuja. Na watu wakiangua kicheko pale ulipotaka kujificha, unaona wazi kwamba Peele anakejeli.

Mimi ningeanza nyumbani, kibanda kifuate. Anayeogopa kulala peke yake ageuze ratiba.