Uchambuzi: Mustang P-51D ya Tamiya, kipimo cha 1/48

Haya wadau, habari zenu. Leo mezani kuna seti ya plastiki ya kuunganisha modeli ya Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia: P-51D ya Tamiya, kampuni ya Japani, kwa kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe), ile iliyotoka mwaka 1995. Najua kuna mtu ameshaguna huko: kaka, kitu cha zamani hivyo cha nini, na watengenezaji wengine wa modeli, Airfix, walitoa ya kwao 2017, Eduard wakafuata 2019? Ndiyo maana nimeileta. Mtu akiuliza aanze na ndege gani, hii haikosi kutajwa, na papo hapo wajuzi huiponda. Pande zote mbili zina hoja, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Tuifungue. Kabla hujakata kipande chochote, punguza mwanga chumbani, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa plastiki. Vibonyeo, ndevu za plastiki zilizovuja pembeni, alama za pini zinazosukuma kipande kitoke kwenye kalibu, vyote vitajitokeza. Hebu oneni kiwiliwili hapa: safi. Sasa pitisha ukucha kwenye mistari ya mabati, ile inayoonyesha mabati ya ndege yanapokutana. Ukucha unauhisi mstari lakini hauzami. Kwa nini nang'ang'ania hili? Piga hesabu: kwa 1/48, mstari wenye upana wa milimita 0.2 ni karibu sentimita nzima kwenye ndege yenyewe. Ndege yenye nyufa za sentimita moja utaipanda wewe?

Sasa maungio, na sijatia gundi hata tone. Bawa la chini ni kipande kimoja, ncha hadi ncha, na juu yake vinakaa vipande viwili. Nabana kwa tepu ya karatasi, nasukuma kiwiliwili kikae... haya, sogezeni macho hapa, bawa linapokutana na ubavu. Hapa ndipo seti nyingi huumbuka: ufa unabaki, unaujaza puti, unapiga msasa, na msasa unafuta mistari yote ya jirani. Kwenye hii ufa hakuna. Na kwa kuwa chini ni kipande kimoja, ule mwinuko wa mabawa unajiweka wenyewe, kushoto na kulia sawasawa, huhitaji kupima. Kwa anayeanza, hilo peke yake linamwokoa.

Tuigeuze. Angalia shimo la gurudumu. Kwenye Mustang halisi ukichungulia humu, ukuta wa nyuma ni mhimili mkuu wa bawa, umenyooka moja kwa moja. Tamiya wameufanya ukuta ufuate umbo la tundu la nje. Ni kosa, sina cha kulitetea, na Eduard wamelipatia. Ila ndege ikishasimama rafuni, tumbo linatazama ubao. Mimi silipi uzito. Ukiipeleka mashindanoni, jaji mwenye tochi ataliona, usinilaumu.

Linalonikera ni juu ya mabawa. Kiwandani, North American, kampuni iliyounda Mustang halisi, walijaza puti kwenye maungio ya sehemu ya mbele ya bawa, wakasugua, wakapulizia rangi ya fedha ili hewa iteleze bila kukwaruzana na kitu. Mistari mingi ya mabati pale ilikuwa haionekani. Seti hii inakuchorea karibu yote. Ndiyo, nimetoka kuisifu kwamba maungio hayahitaji puti, na sasa nakwambia utafute puti! Jaza, subiri ikauke, sugua, lakini uache vifuniko vya bunduki na risasi. Na kwenye rangi kuwa macho: mabawa ni rangi ya fedha iliyopulizwa, kiwiliwili ni bati tupu. Hazing'ai sawa. Ukiipaka ndege nzima fedha moja ya kumetameta, hapo kosa si la Tamiya tena.

Flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa ndege ikitua, ni vipande vya peke yake, basi zishushe. Injini ikizimwa, presha ya haidroliki ilipungua polepole, flapu zikashuka, milango ya ndani ya magurudumu ikaning'inia. Tazama picha za Mustang zikiwa zimeegeshwa, utaona.

Chumba cha rubani kinatosha. Injini haimo. Stika za maji, zile za alama na namba za ndege, ni nene, jambo ambalo Tamiya wanajulikana nalo. Tumia maji ya uvuguvugu na dawa ya kulainishia, au nunua za kampuni nyingine.

Tuinunue? Kama unaanza, au umechoka kupigana na plastiki na unataka ndege ikamilike, chukua hii bila wasiwasi. Ikimalizika ina kama sentimita 23 na nusu kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo haigombanii nafasi sebuleni. Kama unataka ribiti (vile vichwa vya misumari ya mabati) moja moja na lile shimo la gurudumu lililo sahihi, nenda Eduard, ujiandae kwa vipande vingi zaidi na usiku mrefu.

Na ninyi mlioko Afrika Mashariki mnaoagiza kutoka nje, jambo moja kabla hamjalipa. Rangi nyingi za modeli, thina na gundi ni vitu vinavyoshika moto, na wasafirishaji wengi hawavipokei kwa ndege. Muulize muuzaji kwanza atatuma nini na nini atakiacha, au panga mapema kutumia rangi za akriliki za maji.