Kutoa kapeti na kuweka vinaili yenye sura ya mninga ndani ya Coaster: tathmini baada ya masika

Gari letu ni Toyota Coaster ambalo familia yetu ililigeuza kuwa nyumba ya safari: kitanda kiko nyuma, jiko dogo la gesi na sinki viko upande wa kulia, na mbele kuna mabenchi mawili yenye meza ya kukunja katikati. Tulipolinunua, sakafu yake ilikuwa imefunikwa kwa kapeti la kijivu kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa miaka miwili tulijitahidi kulitunza kwa brashi, sabuni na jua la asubuhi. Anayeishi Dar es Salaam anajua tulikuwa tukishindana na nini. Mchanga wa Mjimwema, huko Kigamboni, ni laini kama unga, hauchambuki na nyuzi za kapeti hata ukungute vipi, na unyevu wa pwani haukipi kitambaa chochote nafasi ya kukauka kabisa. Masika yalipoanza, kila tulipofungua mlango tulipokewa na harufu ya ukungu, na mama watoto akasema waziwazi kwamba hatalala tena humo mpaka kapeti hilo litoke.

Kulitoa kulichukua siku nzima, na siku hiyo ilinifunza mengi kuliko maelezo yote niliyokuja kupewa madukani. Chini ya kapeti kulikuwa na sponji iliyolowa na kumeguka kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Chini ya sponji, plaiwudi iliyo karibu na mlango ilikuwa nyeusi. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama. Tulikata kipande chote kilichooza, tukakuta bati la chini limeanza kushika kutu, tukalisugua kwa brashi ya waya na kulipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kurudisha plaiwudi mpya ya milimita 12 isiyoharibiwa na maji. Pini za kapeti zilikuwa mamia, na kila moja ilibidi ing'olewe kwa koleo, kwa sababu kichwa kimoja cha pini kikibaki juu ya plaiwudi huja kujionyesha kama kidonda kwenye vinaili, yaani sakafu ya plastiki, baada ya miezi michache. Natilia mkazo hatua hii kwa sababu mafundi wawili kati ya watatu niliozungumza nao walipendekeza vinaili ilazwe juu ya kapeti lile lile ili kupunguza gharama. Anayekubali ushauri huo anaufungia unyevu ndani na kuuachia muda wa kuozesha gari lake bila kuonekana.

Ununuzi wa kwanza niliufanya Kariakoo, katika duka moja ambalo sitalitaja jina. Muuzaji alinionyesha vibao vigumu vya milimita 5, vile vinavyotengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na PVC, ambayo ni aina ya plastiki, ambavyo huungana kwa kubana ulimi wa kibao kimoja kwenye mfereji wa kingine bila gundi. Kwa sura ni vizuri mno: rangi ya mninga iliyokolea, mistari inayoshikika kwa kidole, na tabaka la juu la kukinga mikwaruzo lenye unene wa nusu milimita. Nilipomuuliza kuhusu joto la ndani ya gari alinijibu kwa kujiamini, "Mzee, hii haijui maji wala jua." Kuhusu maji alisema kweli. Kuhusu jua, hapana.

Fundi aliyetumwa na duka hilo alikuwa mwepesi na msafi wa kazi, lakini aliilaza sakafu kama anavyoilaza sebuleni, akavisukuma vibao mpaka vikagusa ukuta pande zote, kisha kabati la jiko likafungwa kwa skrubu juu yake. Vinaili hutanuka inapopata joto na husinyaa inapopoa, na hewa ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Sakafu yenye urefu wa mita nne ikipata ongezeko la nyuzi 25 hutanuka kwa milimita kadhaa, nazo lazima zipate pa kwenda. Sakafu yetu haikuachiwa nafasi. Jumamosi ya pili tukiwa Mjimwema, tuliacha gari juani tangu saa nne asubuhi, na tuliporudi saa nane mchana vibao vitatu mbele ya sinki vilikuwa vimenyanyuka na kukutana kama paa la kibanda, ndimi zake mbili zimevunjika. Nilipolirudia duka nikaambiwa kwamba kifaa hakina kasoro na kwamba gari si nyumba. La kwanza nalikubali. La pili walilijua siku waliponiuzia, kwa sababu fundi wao alikuja kupima ndani ya hilo hilo gari. Walikubali kuyapokea maboksi mawili yasiyofunguliwa, na fedha ya ufundi haikurudi.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa, nalo ni uzito. Vibao vile vya milimita 5 hufikia karibu kilo 10 kwa mita moja ya mraba, hivyo eneo letu la mita 7 za mraba lilibeba karibu kilo 70, sawa na kumpakia mtu mzima mmoja asiyeshuka kamwe. Ndani ya nyumba hakuna atakayejali. Kwenye gari lenye tangi la maji, mtungi wa gesi na watu watano, kila kilo ina hesabu yake.

Mara ya pili nilikwenda Keko, kwa fundi seremala ambaye kazi yake kubwa ni makabati lakini amewahi kutengeneza sakafu za mabasi madogo. Alikataa vibao vya kubana, akasema, "Mzee wangu, sakafu ya nyumba imekaa, ya gari inatembea. Ukiibana itakuvunjia, usipoishika itakulilia." Alinishauri vibao vyembamba vya kubandika, vya milimita 2.5, vyenye tabaka la juu la nusu milimita kama vile vya kwanza, ambavyo kwa eneo letu lote havizidi kilo 35. Nilivipata kwa shilingi 32,000 kwa mita ya mraba, nikanunua ziada ya kutosha kufidia ukataji na kubakisha akiba.

Kazi yake inastahili kuelezwa kwa kirefu. Kwanza aliyalaza maboksi ndani ya gari kwa saa 48 ili vibao vizoee joto la humo. Kisha alipiga msasa plaiwudi yote, akaziba maungio kwa unga wa mbao na gundi, wala hakumwaga saruji ya kusawazisha, kwa sababu mtikisiko wa gari huipasua saruji hiyo ikawa changarawe. Matao ya magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyomshinda fundi wa kwanza, aliyachora kwenye karatasi ya manila, akaikatakata karatasi mpaka ikakaa sawasawa, ndipo akahamishia mchoro kwenye kibao. Gundi aliyotumia ni ya poliyurethani ya kuchanganya makopo mawili, kwa maelezo kwamba gundi ya kawaida ya kapeti hulainika kwa joto na vibao vikaanza kutembea. Aliitandaza kwa mwiko wenye meno, akavipishanisha vibao ili maungio yasikutane mstari mmoja, akavipitishia roli nzito, na akatukataza kukanyaga mpaka kesho yake.

Pembeni aliacha nafasi ya milimita 5, akaijaza silikoni na kuifunika kwa kipande cha alumini kilichofungwa ukutani, si sakafuni, ili sakafu isogee chini yake bila kuzuiwa. Makabati aliyarudisha mwanzo, kabla ya vibao, kwa hiyo hakuna kibao kilichopigiliwa chini ya kitu chochote. Sehemu ya dereva aliiacha na mpira wake wa asili kwa sababu ya joto la injini, na nadhani alifanya vyema.

Sasa masika yamepita, na tumekwenda mpaka Mikumi na kurudi. Hakuna kibao kilichonyanyuka, hata siku ambayo gari lilishinda juani Kigamboni. Harufu imekwisha. Mchanga unafagiliwa kwa dakika mbili, na siku mwanangu alipomwaga sufuria ya uji mbele ya sinki ulifutwa kwa kitambaa kabla haujapoa. Kelele zimeongezeka, hilo sina budi kulisema: kapeti lilikuwa linameza sauti ya changarawe na mlio wa sufuria, na vinaili haimezi kitu. Ikilowa huteleza kidogo, ndiyo maana tumetandika mkeka wa ukili kati ya kitanda na jiko. Mlangoni, ambapo kila mguu unaingia na mchanga wake, mikwaruzo myembamba imeanza kuonekana ukiinama na kutazama kwa upande wa mwanga. Na kwa anayependa mbao za kweli, atagundua mapema kwamba kifundo kile kile cha mninga kinajirudia kila baada ya vibao vinne; fundi angeweza kuvichanganya vizuri zaidi.

Kwa hiyo vinaili ya kubandika naipendekeza kwa gari lolote la kulala linalotumika pwani, kwa sharti kwamba plaiwudi ya chini ikaguliwe kwanza na kingo ziachiwe nafasi. Vibao vya kubana nawaachia wenye sebule. Huduma ya fundi wa Keko naipa alama za juu kabisa, ingawa alichelewa siku tatu kuliko alivyoahidi na ngazi ya mlangoni bado hajaimaliza. Vibao vinne vilivyobaki tumevilaza chini ya kitanda, vimenyooka, kwa sababu vikisimamishwa hupinda.