Kichwa cha treni cha kusogeza mabehewa kwenye reli ya mezani: nilinunua viwili, kinafanya kazi kimoja

Sebuleni kwangu Nyegezi nina ubao wa sentimita 120 kwa 30. Juu yake, kwa reli na treni ndogo za mfano, nimejaribu kuiga bandari ya Mwanza Kusini, pale mabehewa yanaposukumwa kuingia tumboni mwa meli ya MV Umoja. Njia ni tatu: moja inameza mabehewa matano, mbili zinameza matatu matatu. Mabehewa yote ni manane. Unaokota vikaratasi vya kura, kimoja kwa kila behewa, kisha unapanga treni ya mabehewa matano kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo mchezo hauishi leo wala kesho.

Kichwa cha kwanza nilikifuata kwa bei, Sh 90,000. Magurudumu manne, kifupi, kinapendeza. Kwenye reli iliyonyooka kilikimbia kama bodaboda wa Buzuruga. Balaa ni pale njia zinapogawanyika: kichwa hula umeme kutoka relini kupitia magurudumu, na reli zangu zina kipande cha plastiki hapo, hakipitishi umeme. Gurudumu moja likikanyaga plastiki na jingine likikanyaga vumbi, kimezima. Unakisukuma kwa kidole, kinaruka hatua mbili, kinazima tena. Mwanangu akakibatiza "Msukuma". Baba yake ni Msukuma, nikanyamaza.

Cha pili ni cha kampuni ya Bachmann, mfano wa kichwa cha dizeli cha General Electric cha tani 44, kwa kipimo cha 1:87 (yaani kidogo mara 87 kuliko halisi), urefu kama sentimita 12. Ni mtumba; shemeji alinibebea kutoka Marekani, jumla Sh 240,000. Magurudumu yake yote manane yanavuta umeme, na hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda. Nilikipima kwa rula ya shule: sentimita 30 kwa sekunde 38, kikapita kwenye plastiki bila kushtuka.

Udogo wake una kisa. Mkataba wa mwaka 1937 huko Marekani ulitaka kichwa cha dizeli chenye uzito wa pauni 90,000 au zaidi kiwe na mtu wa pili ndani. General Electric wakaunda cha pauni 88,000, ndizo hizo tani 44 za Kimarekani, dereva akabaki peke yake.

Kero zipo. Mabehewa yangu ya Kiingereza yanaungana kwa kulabu, hiki kina kiungio cha Kimarekani chenye umbo la ngumi, havishikani. Nilibadilisha manane yote kwa kisu na gundi, Jumapili nzima. Na anayejua reli atasema ya kwetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa kipimo hiki ilipaswa kuwa karibu milimita 11.5, siyo 16.5. Kweli kabisa. Nimefumba jicho.

Umeme nachukua kwenye betri ya pikipiki ya volti 12, hivyo ukikatika mtaani bandari haifungwi. Adui ni wale wadudu wa ziwani: wanafuata taa, wanafia kwenye reli, magurudumu yanawaponda yakawa na utando wa mafuta. Kitambaa na spiriti kabla ya kucheza, la sivyo hata hiki cha bei kitasita.

Msukuma bado yupo. Nimemwegesha mwisho wa njia ya tatu, kama kichwa kibovu kinachosubiri spea.