Kliniki ya macho Dodoma mjini: waliponichungulia ndani ya jicho

Nasoma mizani ya mahindi sokoni Kibaigwa, na kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana tarakimu zilianza kunichanganya, 3 naiona 8. Duka moja la miwani likaniuzia miwani, miezi minne ikakataa, wakaniuzia nyingine. Hakuna aliyeniuliza kama nina sukari. Hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari anayenitibu kisukari ndiye aliyenihimiza niende kliniki ya macho, kwenye hospitali moja kubwa hapa Dodoma. Nilifika saa mbili kasoro, nikaitwa karibu saa tano. Bima walipokea bila usumbufu, ila mabenchi ya nje hayana kivuli.

Walianza na chati ya herufi, jicho moja moja. Kisha nesi akanidondoshea matone ya kupanua mboni. Yanachoma kidogo, halafu uchungu wake unausikia kooni.

"Baba, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Hakufurahi. Akaniambia nitaona ukungu kwa saa kadhaa, nisivuke barabara kwa haraka.

Mboni zilipofunguka nikaweka kidevu kwenye mashine, mwanga ukawaka, picha ikapigwa. Hapa ndipo nawapa heko. Daktari aligeuza skrini nione mwenyewe: duara la rangi ya chungwa, mishipa imetawanyika kama mizizi, na katikati yake vidoa vyekundu kama vya ncha ya kalamu, vingine vya njano. Akanieleza kwamba ile ndiyo retina, pazia la nyuma ya jicho. Sukari imechosha mishipa yake midogo, inavimba na kuvuja. Vyekundu ni damu, vya njano ni mafuta yaliyovuja. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuota mishipa mipya, dhaifu, inayoweza kupasuka wakati wowote na kujaza damu jichoni.

Nikamuuliza mbona sikusikia maumivu. Akasema ugonjwa huu hauumi, na mtu anaweza kuona vizuri kabisa huku ndani kunaharibika. Mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa apimwe hivi mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Mimi miaka yote hiyo hata mara moja! Na zile miwani? Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo hubadilika. Miwani ya leo mwezi ujao haikufai.

Leza, yaani tiba ya miale ya mwanga mkali, nilifanyiwa wiki tatu baadaye. Miale inapiga mfululizo, mingine inachoma kama sindano ndogo, lakini inavumilika. Daktari hakunidanganya: leza hairudishi kilichopotea, inazuia kisizidi kupotea. Sukari na presha nizishushe mwenyewe. Alitaka kuona daftari langu la vipimo, kwa hiyo beba lako.

Siku ile ya kwanza nilitoka saa nane, jua la Dodoma limewaka, kila kitu cheupe. Bango la basi sikuweza kulisoma. Kijana wa bajaji alinishika mkono mpaka mlangoni mwa basi la Kibaigwa, Mungu ambariki. Safari ya leza nilikwenda na binti yangu, na kofia pana.

Nawapa nyota nne. Ya tano watapata watakapoandika kwenye kadi ya miadi: njoo na mtu wa kukushika mkono.