Kutoa video kwenye DVD zilizochomwa nyumbani: uzoefu wangu na MakeMKV na HandBrake

Nimejaribu programu nyingi za kutoa video kwenye DVD za zamani, zile zilizochomwa na kamera ya video au mashine ya kurekodia ya sebuleni, na sasa nimebaki na mbili: MakeMKV kwa kutoa, HandBrake kwa kubadili video iwe ya muundo mwingine. Nazitumia kwa mfuatano huo na siuvunji. Watu wengi huanzia kwenye kubadili. Wanaingiza diski, wanaiagiza programu itoe MP4, kisha wanaiacha. Kwa diski iliyokaa miaka mingi kabatini siipendi njia hiyo hata kidogo. Filamu ya dukani imepigwa chapa kiwandani, lakini diski ya nyumbani kwa kawaida imeandikwa kwa leza kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huchoka kwa jua, joto na umri. Diski iliyosomeka leo si lazima isomeke mwakani. Kwa hiyo nataka kwanza kilichomo kitoke kama kilivyo, bila kuguswa, halafu mengine yote nifanye nikiwa na nakala salama.

Ukiifungua diski ya aina hii kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP. VOB ndizo zenye picha na sauti. IFO ni maelekezo: kipi kinaanzia wapi, sura ziko ngapi, menyu inampeleka mtazamaji wapi. BUP ni nakala ya IFO, iliyowekwa endapo ya kwanza itaharibika. Kila VOB haizidi GB 1, hivyo sherehe ya saa mbili hukatwa vipande: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, na kuendelea. Njia ya mkato inayopendwa ni kunakili VOB hizo na kuzibadilishia kiambishi kiwe MPG. Zitacheza, sikatai. Ila mkato umeangukia popote, hata katikati ya neno la mtu anayehutubia, na saa iliyomo ndani ya faili wakati mwingine huruka, kiasi kwamba ukijaribu kusogeza video mbele, kicheza video kinapotea njia au kinaonyesha urefu usio wa kweli.

Hapo ndipo MakeMKV ilipojipatia heshima kwangu. Inasoma IFO, inafuata maelekezo yake, inaunganisha vipande na kukupa faili moja la MKV kwa kila rekodi. Picha inabaki MPEG-2 (namna ya kubana video inayotumiwa na DVD) ileile iliyokuwa kwenye diski, sauti inabaki ileile, alama za sura zinabaki. Kwa kuwa haibani kitu upya, muda wote wa kazi ni muda wa kusoma diski tu. Kasi ya msingi ya DVD, inayoandikwa 1x, ni kama MB 1.4 kwa sekunde. Diski iliyojaa GB 4.7 ingechukua karibu saa nzima kwa kasi hiyo, na draivu nyingi husoma kwa kasi mara kadhaa zaidi. Upande wa DVD programu hii ni ya bure, na inapatikana kwa Windows, macOS na Linux. Matumizi yake hayana mzunguko: unabofya picha ya diski, unasubiri ikague, unaweka alama kwenye rekodi unazozitaka, unachagua folda ya kuhifadhia, unaanza.

Kuna mpangilio mmoja ambao kila anayetoa video za familia anapaswa kuubadilisha kabla ya kugusa chochote. MakeMKV huruka rekodi yoyote isiyofikia sekunde 120, isipokuwa uiagize vinginevyo. Kwa filamu hilo ni jambo la busara, maana vipande vifupi vya filamu huwa ni nembo na matangazo. Lakini kamera ya nyumbani ni kinyume chake kabisa! Mtoto anapiga hatua zake za mwanzo, inachukua sekunde arobaini. Bibi anasalimia kamera na kuingia ndani, sekunde ishirini. Vipande hivyo ndivyo vyenye thamani kuliko saa nzima ya watu wakila, na ndivyo vinavyoachwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya video, ushushe idadi hiyo ya sekunde hadi chini kabisa, kisha uisome diski upya. Ujumbe wa kuruka vipande huandikwa kwenye sehemu ya chini ya dirisha. Usiupite bila kuusoma. HandBrake nayo ina kikomo cha namna hiyo, ingawa chake ni cha chini zaidi, sekunde 10.

Kuhusu draivu. Kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kuingiza diski, hivyo utahitaji draivu ya nje ya USB. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake, kwa sababu mota inapoanza kuzungusha diski huvuta umeme mwingi, na umeme usipotosha draivu hujikata katikati ya kazi, nawe ukadhani diski ndiyo mbovu. Na kabla ya kuiita diski mbovu, ijaribu kwenye draivu nyingine. Nimeona diski iliyokataliwa kabisa na draivu mpya nyembamba ikisomwa vizuri na draivu pana iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Draivu hazilingani macho.

Kusafisha: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Data imepangwa kwenye mstari unaozunguka diski, na mkwaruzo unaofuata mstari huo huharibu sehemu ndefu mfululizo, wakati mkwaruzo unaoukata mstari kwa upana hugusa kidogo tu kila mzunguko, na mfumo wa kusahihisha makosa uliomo kwenye DVD unaweza kuuziba.

Kuna diski ambazo MakeMKV inafika mahali inasimama. Hapo naiweka programu hiyo kando na kuchukua nyingine, ddrescue. Hii haina dirisha wala vitufe, unaandika amri, na najua hilo litawafukuza baadhi ya watu. Nawaomba wavumilie, kwa sababu sijapata chombo kingine chenye subira kama hiki. Kazi yake ni kunakili diski nzima kuwa faili moja la ISO. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka palipoharibika, kisha inarudi pale palipobaki na kujaribu tena na tena. Amri yangu ya mwanzo kwenye Linux ni hii:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map

/dev/sr0 ndiyo draivu. Namba 2048 ni ukubwa wa sekta ya DVD, yaani kipande kidogo cha data, kwa baiti. Herufi n huiambia isihangaike na sehemu mbovu kwanza. Nikimaliza hiyo, naiondoa n na kuweka -d -r3, yaani isome moja kwa moja kutoka kwenye diski na irudie mara tatu pale palipokwama. Uzuri wote uko kwenye lile faili la mwisho, diski.map, linalokumbuka kipi kimepatikana na kipi bado. Unaweza kuzima kompyuta ukaendelea kesho. Unaweza pia kuhamishia diski kwenye draivu nyingine, ukatoa amri ileile kwa mafaili yaleyale, na draivu ya pili ikajaza mashimo yaliyoachwa na ya kwanza. Kwa diski zilizochakaa hiyo imenipa matokeo mazuri kuliko kitu kingine chochote. Faili la ISO likishakamilika, MakeMKV hulifungua kama diski ya kawaida.

Na usikate tamaa kwa sababu ya mashimo machache yaliyobaki. DVD husahihisha makosa kwa mafungu ya sekta 16, yaani KB 32. Kwenye rekodi ya saa mbili kwa diski, KB 32 ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Utaona picha ikivunjika vunjika kwa kitambo, pengine nusu sekunde, kwa kuwa MPEG-2 hujenga fremu moja juu ya nyingine hadi ifike fremu kamili inayofuata, kisha inatulia.

Sasa ile hali inayoogopesha zaidi: diski ina alama za kuchomwa upande wa chini, unaziona kwa macho, lakini kompyuta inasema ni tupu. Mara nyingi haikufungwa. Kamera na mashine za kurekodia zilikuwa na hatua ya mwisho ya kuifunga diski ili isomeke kwenye vifaa vingine, na wengi hawakuifanya. Kifaa kilichoichoma kikiwa bado kinafanya kazi, irudishe humo uifunge, basi. Kama hakipo tena, programu ya IsoBuster huweza kuona kilichomo kwenye diski isiyofungwa na kukitoa. Baadhi ya huduma zake ni za kulipia. Usikubali ombi lolote la kompyuta la kuandaa diski hiyo kwa matumizi mapya. Diski nyingine, hasa DVD-RW na DVD-RAM, hazina VIDEO_TS bali folda ya DVD_RTAV yenye faili kubwa la VR_MOVIE.VRO. Hilo ndilo video yenyewe, rekodi zote zikiwa pamoja. Linakili, kisha ulifungue kwa kicheza video cha VLC.

Baada ya yote hayo ndipo HandBrake. MPEG-2 haichezi kwenye kila simu, na mafaili ni mazito kuwatumia watu, hivyo natengeneza MP4 ya kusambaza. Ubora nauweka kwenye RF 18 hadi 20 (RF ni kipimo cha ubora cha HandBrake, namba ikiwa ndogo ubora ni mkubwa). Ukubwa wa picha siugusi: fremu ya PAL (mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde) ni 720 kwa 576 lakini pikseli zake si mraba, na HandBrake inalijua hilo, nyuso hazitanuki wala hazirefuki. Ninachokiangalia ni ile mistari kama meno ya kitana kwenye mtu anayekimbia. Kamera hizo zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde na kuzifunga mbili mbili kuwa fremu 25. Ukiziacha hivyo, skrini za sasa huonyesha meno. Ukichagua kuyaondoa kwa njia ya HandBrake iitwayo Bob, kila nusu-picha inakuwa fremu yake na mwendo unakuwa laini, watoto wanacheza kama walivyocheza.

Kabla ya kurudisha diski kwenye jalada lake, naangalia tarehe ya mafaili yaliyomo na kuiandika kwenye jina la MKV pamoja na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya diski. Tarehe hiyo ni ya siku ya kuchoma, tena kwa saa ya mashine yenyewe, lakini mara nyingi ndiyo pekee iliyopo. MKV zote naziweka kwenye diski kuu (hard disk) mbili tofauti na sizifuti hata baada ya MP4 kutoka, maana programu za kuondoa meno na kubana video zinaendelea kuboreshwa, na nikitaka kutengeneza nyingine sitalazimika kuirudia diski.