Pedali za gita na programu za kurekodia nyumbani: ununue nini kwanza

Ukitafuta mtandaoni pedali (kidude cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gita) nzuri ya kuanzia, karibu kila orodha itakuambia ununue ovadraivu au distosheni, yaani zile za kuikwaruza sauti. Orodha hizo zimeandikwa na wapiga roki kwa ajili ya wapiga roki wenzao. Mtu anayepiga sebene kanisani, benga kwenye harusi, au dansi la zamani na wenzake kila Jumamosi, akizifuata atabaki na kidude kinachounguruma ambacho hana wimbo wa kukitumia.

Kwenye rumba magita huwa matatu: ridhimu, mi-solo na solo, kila moja na njia yake. Yote yanasikika kwa sababu kila noti ni safi na fupi. Distosheni hurefusha noti na kujaza sauti za katikati. Ukiiwasha kwenye solo, mi-solo inazama na mwimbaji anaanza kupaza sauti ili asikike. Kwa hiyo mpangilio huu ni wa mtu anayepiga gita safi, mwenye bajeti ya kubana, na anayetaka pia kurekodi nyumbani. Bei ninazotaja ni za maduka ya ng'ambo. Kwa Kariakoo au Luthuli Avenue ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Mashine moja kabla ya pedali tano

Ya kwanza kwangu ni Zoom G1X Four. Ni mashine ya efekti nyingi, unaweza kuibeba kwenye begi la shule, na huuzwa kati ya dola 80 na 130 kutegemea duka na kama ni yenye kanyagio (G1X) au isiyo nalo (G1). Ndani mna kompresa, korasi, dilei (nitazieleza chini), riverbu, yaani mwangwi wa ukumbi, na hata hiyo ovadraivu, na unaweza kuwasha efekti tano kwa mpigo. Ina cha kutyunia nyuzi, midundo ya ngoma ya mazoezi, na lupa ya sekunde 30. Hiyo lupa tu inatosha kunifanya niichague: unapiga ridhimu mizunguko miwili, unaiacha ijirudie, halafu unafanya solo juu yake hadi usiku bila kumsumbua mwenzako aje akusindikize. Kanyagio la G1X unaweza kulipanga liwe la kuongeza na kupunguza sauti. Mpiga solo wa kanisani atalishukuru kila kwaya inaporudi kwenye kiitikio na mchungaji anapogeuka kumtazama.

Jambo jingine ni betri. Inakula AA nne, zile unazozipata kwa Mangi hapo kona. Tundu lake la kutokea linakubali hedifoni, kwa hiyo umeme ukikatika mazoezi yanaendelea na jirani hajui. Kasoro yake ni USB: ipo kwa ajili ya kuhariri na kubadilisha efekti kwa kompyuta na kusasisha mashine, si ya kurekodia. Muuzaji akikuambia inarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Ya pili ni Boss GT-1, iliyotoka mwaka 2016. Nayo inatumia AA nne, na USB yake inarekodi, yaani umepata saundikadi, kifaa cha kuingizia sauti ya gita kwenye kompyuta, humohumo. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu ya bei tu. Ikiwa mpya ni ghali kwa tofauti kubwa. Ukiipata ya mtumba ikiwa katika hali nzuri, iruke Zoom.

NUX MG-300 naiweka ya tatu. Inarekodi kwa USB, ina ngoma na lupa, ila inategemea adapta. Kwa mtu ambaye hapigi jukwaani kabisa na kazi yake ni kurekodi chumbani, ningeipandisha hadi juu.

Wako wanaosema mashine za namna hii hazina sauti halisi. Kwenye ukumbi wa harusi, wageni wakiwa kwenye pilau na MC akiwa na maikrofoni mbili mkononi, nionyeshe atakayeitambua tofauti.

Ukitaka pedali mojamoja

Hapa mpangilio wangu ni kompresa, dilei, korasi, kisha ovadraivu mwishoni kabisa.

Kompresa haina sauti ya kumshangaza mtu dukani, ndiyo maana wengi hawainunui. Kazi yake ni kushusha noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zilizo hafifu. Kwa solo inayokimbia juu ya shingo ya gita, ambapo kidole cha nne huwa dhaifu kuliko cha kwanza, noti zote zinatoka kwa uzito mmoja. Ya bei nafuu ni Behringer CS400, na pedali za kampuni hiyo kwa kawaida ziko kati ya dola 25 na 40. Weka kiasi cha wastani. Ukiizidisha, kelele za nyuma nazo zinapanda kila ukinyamaza.

Dilei ndiyo efekti ambayo msikilizaji wa kawaida ataisikia. Behringer VD400 ni ya analogi na inatoa mwangwi laini, lakini mwisho wake ni milisekunde 300. Kabla ya kulipa, piga hesabu: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unatoa milisekunde 500 kwa pigo moja na 250 kwa nusu pigo. Nusu pigo inaingia kwenye VD400, pigo zima haliingii. Kwa sebene nusu pigo inatosha sana, tena jirudio moja au mawili tu, chini ya sauti ya gita lenyewe. Mwangwi mrefu unagongana na mi-solo. Kwa nyimbo za kuabudu za taratibu hadithi ni nyingine; tafuta dilei ya dijitali inayovuka milisekunde 500.

Korasi inalifanya gita moja lisikike kama mawili yanayopishana kidogo. Efekti hii ilianza kupata umaarufu ndani ya amplifaya ya Roland JC-120 ya mwaka 1975, kisha mwaka uliofuata ikatolewa kama pedali, Boss CE-1. Siku hizi Behringer UC200 inakupa ladha hiyo kwa bei ya chini. Weka kasi ya chini, kina kidogo. Ikianza kuyumba kama kaseti iliyochoka, umezidisha.

Ovadraivu nitaipitia haraka. Behringer TO800 ni nakala ya Ibanez TS808, na Boss SD-1, inayotengenezwa tangu 1981, haifi. Ukiwa nayo, punguza mkwaruzo hadi karibu na sifuri na uongeze sauti, itakuwa pedali ya kuinua solo isikike bila kuchafuka. Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa ya mwaka 1978, ni pedali nzuri sana, lakini kwa muziki mwingine.

Angalizo kuhusu hizo Behringer: maboksi yake ni ya plastiki. Ndani ni sawa, nje zinataka mguu wa adabu. Kubadilisha betri pia kunasumbua, maana lazima usukume bawaba za pembeni kwa ncha ya kalamu ndipo kifuniko cha kukanyagia kifunguke. Kwa bendi inayosafiri kila wiki kwenye basi, afadhali Boss moja ya mtumba kuliko Behringer tatu mpya.

Ukiziunganisha, gita liingie kwenye kompresa, kisha ovadraivu, korasi, na dilei iwe ya mwisho kabla ya amplifaya.

Umeme, mahali pedali nyingi zinapofia

Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya jeki. Adapta nyingi za nyumbani, za redio au ruta, ni kinyume chake: chanya iko katikati, na nyingi ni za volti 12. Jeki inaweza kuingia vizuri kabisa, na pedali ikaungua palepale. Tazama alama ndogo ya duara kwenye adapta na kwenye pedali, lazima zifanane. Halafu angalia miliampea. Kompresa au ovadraivu ya analogi inakula kidogo tu, ila mashine ya efekti nyingi ni mlaji. Adapta ya Zoom G1X Four, AD-16, ina miliampea 500. Ya kwako ikiwa na zaidi ya hapo hakuna ubaya. Ikiwa na pungufu, mashine itazimazima.

Kwenye bajeti weka pia waya fupi za kuunganisha pedali na adapta moja yenye jeki nyingi. Watu hununua pedali nne, wanafika nyumbani hawana cha kuziunganishia.

Programu ya kurekodia

Hapa sina wasiwasi: Reaper. Unaipakua kutoka kwenye tovuti yao, faili lake ni dogo hata kwa bando la kawaida, na unaijaribu siku 60 bila kitu chochote kufungwa. Leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara isiyoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Ukivuka hapo ni dola 225. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp, programu ya zamani ya kuchezea muziki, na inaonekana bado anakumbuka kompyuta za zamani, kwa sababu Reaper inakimbia kwenye laptopu ambazo programu nyingine zinazikataa. Ubaya wake ni kwamba haiji na ngoma wala midundo. Pakua MT Power Drum Kit, ni bure.

Mwenye Mac au iPhone asinunue chochote kwanza. GarageBand ni bure, na ina amplifaya na pedali ndani. Itakuchukua muda mrefu kabla hujaimaliza.

Asiye na kompyuta aangalie BandLab kwenye simu. Ni bure, na mwenzako aliye Mombasa anaweza kuongeza besi yake juu ya gita ulilorekodi Mwanza. Inakula bando, na kwenye simu nyingi za Android utajisikia kwa kuchelewa unapopiga, kwa hiyo rekodi mawazo na michoro ya nyimbo, si albamu.

FL Studio naiweka ya nne, na najua maprodyuza watalalamika. Kwa biti ni chombo kikubwa, na ukiilipia mara moja unapata matoleo yajayo bure maisha yako yote. Lakini wewe unataka kurekodi gita. Kwa miaka mingi toleo lake la bei ya chini, Fruity, halikuruhusu kurekodi sauti kabisa, kwa hiyo soma jedwali la matoleo kwa makini kabla ya kutoa pesa. Toleo la majaribio nalo linakuruhusu kuhifadhi kazi ila halikufungulii tena hadi ulipie. Audacity ni bure na nzuri kwa kukata na kusafisha rekodi, ila kujenga wimbo wenye magita matatu ndani yake ni kujitesa.

Programu zilizovunjwa zinazogawiwa kwenye flashi mitaani ziache hukohuko, maana virusi huja nazo. Na kwa Reaper ya siku 60 sioni hata kishawishi.

Kabla ya kurekodi utahitaji saundikadi, isipokuwa kama una GT-1 au MG-300. Usichomeke gita kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Halikutengenezwa kwa pickup (kinasa-sauti) ya gita, na litakula sauti za juu, zilezile ambazo sebene inaishi kwazo. Behringer UM2 ndiyo ya bei ya chini ninayoweza kuipendekeza, ila kwenye Windows iendeshe kwa ASIO4ALL, programu ndogo inayopunguza kuchelewa kwa sauti. Ukiwa na zaidi ya dola 100, Focusrite Scarlett Solo. Kwenye mipangilio ya bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo, chagua sampuli 128: kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni takriban milisekunde 3, hutahisi kuchelewa. Sauti ikikatika-katika, panda hadi 256.

Ukifika hapo, efekti za bure zitakushangaza. Valhalla Supermassive kwa dilei na riverbu, TAL-Chorus-LX kwa korasi, Guitar Rig Player au Neural Amp Modeler kwa amplifaya. Mtu asiyepiga jukwaani anaweza kuishia hapa: UM2, Reaper na hizo za bure, bila pedali hata moja. Anayepiga nje na hana zaidi ya dola 130 achukue Zoom sasa, saundikadi baadaye.

Ukinunua mtumba

Nenda na gita lako, waya wako na betri mpya ya volti 9. Ijaribu kwa betri kwanza, kisha kwa adapta, maana moja ikifanya kazi na nyingine ikakataa, tatizo liko kwenye jeki ya umeme. Zungusha kila kitufe huku unapiga noti moja. Mkwaruzo mdogo unaponywa na dawa ya kusafishia vitufe, kwa hiyo utumie kuomba punguzo. Tikisa jeki za kuingilia na kutokea. Sauti ikipotea na kurudi, fundi atahitaji kuzichomea upya. Ikanyage mara ishirini mfululizo. Na kwa mashine ya efekti nyingi, izime, subiri kidogo, uiwashe tena, uone kama mipangilio uliyohifadhi bado ipo.