Snobloa ya steji mbili, inchi 24: misimu miwili kwenye kazi ya bustani Minneapolis

Nianze na jibu kabisa kwa yule anayetaka kununua kesho asubuhi: kama una kakampuni kadogo ka bustani kama kangu, wateja 15 mpaka 20, pikapu moja na tela moja, na unaishi huku kwenye theluji, nunua hii snobloa, yaani mashine ya kukusanya na kurusha theluji (inchi 24 ni upana wa mdomo wake). Naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo nyota moja nitasema chini huko imeenda wapi. Jina la kampuni sitaji kwa sababu yangu ni mtumba na mashine za saizi hii karibu zote zimejengwa kwa mtindo mmoja, ninachosema hapa ukienda dukani utakikuta kwa yeyote.

Mimi kwetu ni Makete, huko juu Njombe, kwahiyo baridi sijaja kuionea Marekani. Mwezi wa 6 na wa 7 unaamka unakuta majani yote meupe, viazi vimeungua kwa barafu, na Kitulo hapo jirani ndo ile wanaita Bustani ya Mungu kwa jinsi inavyojaa maua mvua zikinyesha, nadhani mapenzi yangu ya bustani yametoka huko. Lakini theluji ya kufunika mlango hiyo nimeijua Minneapolis. Na kilichonisumbua siyo baridi yenyewe, ni kalenda. Kazi ya bustani huku inaisha mwezi wa 11, ukishazoa majani ya mwisho yaliyopukutika ardhi inaganda na hakuna cha kupanda wala kukata, mpaka katikati ya mwezi wa 4 ndo unaanza tena. Hiyo ni miezi mitano mashine ya kukata majani imelala garaji, na kodi ya nyumba hailali hata siku moja.

Kwahiyo watu wa bustani huku karibu wote winta wanageukia theluji, maana wateja ni wale wale, nyumba ni zile zile, na kila sehemu unayotakiwa kusafisha unaijua kwa macho yamefumba. Na kazi ipo kisheria, Minneapolis theluji ikishaacha kuanguka mwenye nyumba ana masaa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake, majengo ya biashara na maapatimenti wao ni masaa manne tu ya mchana. Mtu ana miaka 80 au anafanya shifti ya usiku hospitali, atafanyaje? Anakupigia wewe.

Msimu wa 2022-23 nilifanya kwa chepe na kale kamashine kadogo ka steji moja, yaani meno yale yale yanayokusanya theluji ndo yanairusha. Wale mliokuwepo mnakumbuka, Twin Cities, yaani Minneapolis na jirani yake St. Paul, ilidondoka inchi 90 hivi mwaka ule, ni moja ya misimu mizito kabisa kwenye rekodi za hapa. Kale kamashine theluji laini kanaweza vizuri tu, shida ni ule ukuta. Ukishamaliza kusafisha draivuwei ya mteja, ile njia ya gari ya kuingilia kwake, vizuri, gari la manispaa linapita linasukuma theluji ya barabarani, linakuachia tuta mdomoni pale pale ulipotoka, na hilo tuta siyo theluji tena, ni mabonge yamechanganyika na barafu na mchanga na chumvi, ngumu kama matofali. Steji moja ikifika pale inaruka ruka tu juu yake. Nililichimba kwa chepe nyumba baada ya nyumba mpaka mwezi wa 3 mgongo ukawa hauinuki, wife ndo alikuwa ananivalisha soksi.

Ndo kiangazi cha 2023 nikaitafuta hii. Niliipata kwa mzee mmoja Mkenya, Mkisii anayekaa Brooklyn Park, mji mdogo hapo pembeni ya Minneapolis, alikuwa anaacha kazi, akaniachia kwa dola 600 wakati mpya zinavuka elfu moja. Nilimkuta ameiwasha tayari inanguruma nje. Akanionyesha kile kijiti cha plastiki kimebanwa pale juu, akasema, "Kijana yangu, hiki ndicho mkono wa mashine. Ikiziba usitie wako, hata kama umezima. Mkono wako hauna speapati." Nikamwambia nimekuelewa mzee, akarudia tena mara ya pili na ya tatu, mpaka tunapakia kwenye tela anarudia. Sasa hivi najua kwanini. Ile feni ya ndani ikikwama na barafu inaweza kubaki imekazwa na mkanda hata injini imezimwa, ukitoa bonge tu kwa kidole inajizungusha nusu raundi, na nusu raundi inatosha kabisa kukuachia vidole pungufu. Kwahiyo zima, subiri isimame, chokonoa kwa kijiti. Hapa sina masihara na yeyote anayefanya kazi na mimi.

Steji mbili maana yake ni hivi: mbele kuna meno makubwa ya chuma yanazunguka taratibu yanakata na kukusanya theluji kuleta katikati, alafu nyuma yake kuna feni inayozunguka kwa kasi ndo inairusha juu kupitia shingo, lile bomba la juu. Matairi yanajiendesha yenyewe kwa gia, wewe unaongoza tu. Kwenye lile tuta la manispaa unaweka gia ya kwanza, unaiacha inakula polepole bila kuisukuma. Mara ya kwanza nilijaribu kwa bibi mmoja mteja wangu wa siku nyingi, tuta lilikuwa linanifika magotini, kazi niliyokuwa naifanya nusu saa na chepe iliisha ndani ya dakika tano, na ile theluji ikaenda kutua futi 30 huko. Bibi alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai ananipungia mkono, mi mwenyewe nilisimama kidogo nikavuta pumzi, kwakweli nilijua hii winta mgongo umepona.

Sasa nije kwenye shingo, maana hapa ndo mtu wa bustani anatofautiana na mtu wa theluji tu. Yule wa theluji tu akirusha amemaliza, haonekani tena. Mimi mwezi wa 5 narudi pale pale kupanda maua, kila nilichokiharibu winta nakikuta kinanisubiri. Hii mashine ina mkono wa kuzungusha shingo kushoto na kulia na mwingine wa kuinamisha ule mdomo wa juu, kwahiyo unaamua theluji itue wapi, na hilo kwangu lina thamani kuliko nguvu ya injini. Ile theluji safi ya draivuwei naitandaza nyembamba juu ya nyasi, haina neno, tena inazifunika na baridi. Lakini sirundiki mlima sehemu moja, mlima unachelewa kuyeyuka na chini yake nyasi zinaota ukungu, mwezi wa 4 unakuta mduara wa kijivu umelala kama nywele zilizolowa. Na ile ya barabarani yenye chumvi sirushi kabisa kwenye vitanda vya maua wala kwenye ile miti ya uzio inayobaki kijani mwaka mzima, maana uzito unapasua matawi na chumvi inaua mizizi. Mwezi wa 10, kabla ardhi haijaganda, nazunguka kwa wateja wote nachomeka fito za rangi ya chungwa kwenye kona za vitanda na kingo za draivuwei. Ikishaganda fito haiingii hata kwa nyundo, na theluji ikishafunika huoni tena waridi iko wapi, utazisaga mwenyewe kwa ile mashine.

Chumvi niiseme hapo hapo. Watu wengi wanamwaga chumvi kama wanalisha kuku. Ile ya kawaida ya mawe, baridi ikishashuka chini ya 15 Farenhaiti, hiyo ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri kwa zetu, haifanyi kazi yoyote ya maana, inakaa tu pale inasubiri kuingia kwenye nyasi. Wakala wa mazingira wa jimbo hapa Minnesota wanafundisha kwamba kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinatosha vipande 10 vya simenti vya njia ya miguu, na kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinaharibu galoni 5 za maji moja kwa moja. Nilivyosikia hiyo nikaenda kutazama ndoo yangu, nilikuwa natumia mara nne ya hapo. Sasa hivi natembea na kikombe kwenye ndoo. Ukikwangua vizuri mpaka simenti ionekane jua lenyewe linamalizia, na ule mstari wa nyasi zilizokauka kandokando ya njia, uliokuwa unanilazimisha kung'oa na kupanda upya bure kila mwaka, umepungua sana.

Haya, ile nyota niliyoinyima.

Kwanza haikwangui mpaka chini kabisa. Inatembea juu ya viatu vya chuma pembeni, ukiviinua sana mashine inashuka na kushika kila ufa wa simenti, ukivishusha mashine inainuka na inakuachia tabaka jembamba kama nusu inchi ambalo likikanyagwa linakuwa kioo. Kwahiyo chepe haliondoki, nyuma ya mashine lazima mtu apite nalo. Kwenye draivuwei ya kokoto shusha viatu ili mashine iinuke, bila kujadiliana, la sivyo itarusha mawe na madirisha ya jirani ni ghali.

Pili starta yake ya umeme inachomekwa ukutani kama pasi, haina betri. Kwa mtu mwenye nyumba yake hiyo ni raha, kwa mimi ninayezunguka nyumba 18 kuanzia saa kumi alfajiri haina maana, ni kamba tu. Ni nzito pia, inavuka kilo mia, bila ngazi nzuri ya tela huipandishi peke yako.

Tatu theluji ya maji maji. Ile kavu ya mwezi wa 1 inaruka kama unga, lakini ile nzito ya mwezi wa 3 inaganda kwenye shingo kama ugali uliokosa maji, kila hatua kumi unazima unachokonoa. Napuliza silikoni ndani ya shingo kabla sijatoka garaji, inasaidia, haimalizi.

Na hapa niseme kosa langu mimi mwenyewe, siyo la mashine. Winta ya 2023-24, ya kwanza na hii mashine, theluji karibu haikuja. Ilikuwa winta ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hapa, msimu mzima kama inchi 30 tu. Mashine nilijaza mafuta mwezi wa 10 nikaiweka, nikasubiri, miezi inapita. Mwishoni mwa mwezi wa 3 ndo ikaja ile kubwa, nzito, imelowa, wateja wote wanapiga simu kwa mpigo, navuta kamba, kimya, navuta tena mpaka jasho linatoka kwenye baridi. Petroli ya kawaida hapa imechanganywa na ethanoli, ikikaa miezi inaharibika na inaacha gundi kwenye kabureta. Siku ile nilirudi kwenye chepe na kijana wangu wa kazi mpaka saa tatu usiku, na mteja mmoja nilimkosa kabisa, nilimrudishia hela yake na nikamuomba radhi uso kwa uso. Tangu hapo naweka ile petroli isiyo na ethanoli, Minnesota inauzwa kwenye vituo vingi kwa ajili ya mashine ndogo na maboti, ni ghali kidogo lakini usibishane nayo. Na msimu ukiisha naiendesha mpaka mafuta yaishe ijizime yenyewe.

Winta ile ilinifundisha na mikataba pia. Wenzangu waliokuwa wanalipwa kwa kila theluji inayovuka inchi 2 walikaa nyumbani wiki nyingi bila senti. Mimi nusu ya wateja wananilipa mkupuo wa msimu mzima, inye isinye, nusu kwa kila safari, kwahiyo ikija nyingi nachoka lakini naingiza, isipokuja angalau kodi ipo. Mteja wa mkupuo mmoja alianza kulalamika mwezi wa 2 kwamba amelipa bure, nikamuonyesha invoisi ya mwaka wa inchi 90, akatulia.

Kitu cha mwisho ambacho muuzaji anaweza asikwambie ni zile pini. Kwenye ile ekseli ya meno ya mbele kuna pini ndogo zimetengenezwa zikatike kwa makusudi, meno yakishika kitu kigumu inakatika pini ya dola mbili tatu badala ya giaboksi. Mimi ilinitokea na gazeti la Jumapili lililofungwa kwenye plastiki limeganda chini ya theluji, nikasikia "ta!" upande wa kulia wa meno ukasimama. Nikazima, nikatoa glovu, spana mbili, pini mpya, dakika tano nikaendelea. Jamaa yangu mmoja alikatikiwa akaweka bolti ya kawaida ya duka la vifaa maana ndo aliyokuwa nayo, ilikaza kweli haikukatika tena, siku aliyokanyaga jiwe ikapasuka giaboksi, na bei ya giaboksi unaongeza kidogo unapata mashine nyingine ya mtumba. Kwahiyo siku unayonunua mashine nunua na pini zake pakiti mbili, zenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu chake na siyo zinazofanana kwa macho, moja iweke kwenye pikapu na nyingine ifunge kwa tepu kwenye mshikio wa mashine yenyewe, maana saa kumi alfajiri hakuna duka lililofunguliwa.